Wasanii wanawake makumbushoni: maonyesho ya muda, kununua, kufukua ghala au jumba lao wenyewe?

Mwaka 1989 wasanii wanawake wa New York wanaojiita Guerrilla Girls, wanaoficha sura zao kwa vinyago vya sokwe, waliingia Metropolitan Museum, makumbusho makubwa ya sanaa ya mji huo, wakafanya kazi ambayo mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angeiweza. Walihesabu. Katika vyumba vya sanaa ya kisasa, wasanii wanawake hawakufika asilimia 5. Kwenye kazi zinazoonyesha watu walio uchi, wanawake walikuwa asilimia 85. Wakachapisha bango kuuliza kama ni lazima mwanamke avue nguo ndipo aingie humo. Mwaka 2005 walirudi kuhesabu, wakapata wasanii wanawake chini ya asilimia 3. Mwaka 2012, chini ya asilimia 4.

Siku hizi ni vigumu kumpata mkurugenzi anayetetea namba kama hizo hadharani. Kila mmoja anasema ataongeza wanawake. Ugomvi umehamia kwenye namna ya kuongeza, na hapo ndipo watu huchanganya mambo: maonyesho ya muda, kununua kazi, kufukua ghala na kujenga jumba la wanawake peke yao huzungumzwa kana kwamba ni dawa moja yenye majina manne. Gharama zake hazifanani, kasi yake haifanani, na kinachobaki nyuma hakifanani kabisa. Nazipambanisha hapa kwa ajili ya mtu ambaye kura yake ina uzito, awe mjumbe wa bodi, mfadhili au mwalimu wa sanaa aliyeombwa ushauri. Kipimo changu ni kimoja na sikifichi: shamrashamra zikiisha, nini kinabaki ukutani?

Maonyesho ya muda au ukuta wa kudumu

Maonyesho ya muda ndiyo yanayopendwa kuliko njia zote, na sababu iko wazi. Yana siku ya ufunguzi, yana bango, waandishi wa habari wanakuja, na bodi ikibadili mawazo hakuna kilichovunjika. Yanaweza pia kufurika watu. Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden aliyefariki 1944 akiacha turubai kubwa za maumbo na rangi ambazo wakati wa uhai wake ni wachache mno waliziona, alifanyiwa maonyesho Guggenheim ya New York kuanzia 2018 hadi 2019. Waliokwenda kuyatazama walizidi 600,000, rekodi ya jumba hilo kwa wakati ule. Anayekwambia kwamba wanawake hawauzi tiketi, mpe namba hiyo kisha mwendelee na ajenda.

Lakini tazama yaliyotokea Paris. Mei 2009 Centre Pompidou, chini ya msimamizi wa maonyesho Camille Morineau, ilifungua maonyesho ya kazi za wanawake watupu. Hazikuazimwa popote, zilitoka kwenye mkusanyiko wa jumba lenyewe. Wasanii walikuwa zaidi ya 200, kazi zao kiasi cha 500, na zilikaa ukutani mpaka 2011. Hakuna makumbusho makubwa ya taifa yaliyowahi kuthubutu kiasi hicho kwa mali yao wenyewe. Ukafika wakati wa kupanga upya vyumba. Sehemu ya wanawake ikarudi kwenye kiasi cha asilimia 10.

Hiyo ndiyo kasoro ya njia hii, na haiponi kwa kuongeza ukubwa wa maonyesho. Kinachoingia kwa tarehe hutoka kwa tarehe. Morineau mwenyewe baadaye alianzisha AWARE, mwaka 2014, shirika linalokusanya na kuchapisha taarifa za wasanii wanawake. Mimi naliona hilo kama jibu la mtu aliyejifunza kwa vitendo: alianza na ukuta, akaishia kwenye kumbukumbu.

Prado ya Madrid inafundisha upande mwingine wa jambo hilohilo. Ilifunguliwa 1819. Mwanamke wa kwanza kupewa maonyesho yake peke yake humo alikuwa Clara Peeters, na ilikuwa 2016, yaani baada ya miaka 197. Peeters alichora vyakula na vyombo vya mezani mwanzoni mwa karne ya 17: jibini, samaki, vikombe vya dhahabu, mabirika ya bati. Ukisogea karibu na chombo kinachong'aa, kwenye mbenuko wa chuma, unaona uso mdogo usiozidi punje ya hindi. Ni yeye. Alijichora ndani ya mng'ao wa vyombo, mara nyingine zaidi ya mara moja kwenye picha ileile, na mtu anayepita haraka hamwoni. Prado inamiliki picha zake nne. Kwa hiyo maonyesho yale hayakuwa suala la kumtafuta mtu aliyepotea mbali. Alikuwa humo ndani, akiwatazama wageni kutoka kwenye kikombe.

Sasa weka pembeni yake kitu kidogo mno. Machi 2021 Rijksmuseum ya Amsterdam ilitundika picha tatu za wanawake, Judith Leyster, Gesina ter Borch na Rachel Ruysch, kwenye Ukumbi wa Heshima, ule unaokupeleka hadi kwenye picha maarufu ya Rembrandt ya walinzi wa usiku. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi za wanawake kuwekwa humo, na zilitangazwa kuwa za kudumu. Tatu tu! Nikilazimishwa kuchagua kati ya tatu zinazobaki na mia tano zinazoondoka, nachukua tatu bila kusita, kwa sababu mgeni wa kawaida haji kwa ajili ya maonyesho maalumu. Anakuja mara moja maishani, anapita kwenye ukumbi mkuu, na anachokiona pale ndicho anachokwenda nacho nyumbani kama historia ya sanaa.

Najua pingamizi lake: tatu zinaweza kuwa pambo la kuwanyamazisha wanaolalamika. Ni kweli. Lakini pambo lililoko ukutani unaweza kulidai liongezewe wenzake. Maonyesho yaliyokwisha huwezi kuyadai chochote, maana watakwambia, mbona tulishafanya.

Kununua: hesabu kwanza, hundi baadaye

Kununua kunasikika kama tendo la watu walioamua kweli. Pesa imetoka, hati imesainiwa, kazi haiondoki. Kabla ya kusaini hundi, hata hivyo, fanya hesabu ndogo.

Baltimore Museum of Art ilitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba mwaka unaofuata itanunua kazi za wanawake tu. Wakati huo mkusanyiko wake ulikuwa na vitu kama 95,000, na vya wanawake vilikuwa kiasi cha asilimia 4, yaani kama 3,800. Ili ifike asilimia 5, ingehitaji kupata kazi 1,000 za wanawake bila kupokea hata moja ya mwanamume. Elfu moja, kwa kupanda asilimia moja. Na hakuna jumba linalofunga mlango namna hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoingia makumbushoni hainunuliwi. Ni zawadi na urithi kutoka kwa matajiri, na matajiri wa vizazi vilivyopita walikusanya wanaume.

Ndiyo maana uchunguzi uliotolewa 2022 kuhusu makumbusho 31 ya Marekani haukunishangaza, ingawa ulinisikitisha: kati ya 2008 na 2020, miaka ambayo mabadiliko yalikuwa mdomoni mwa kila mtu, kazi za wanawake zilikuwa asilimia 11 tu ya zilizoingia.

Halafu kuna swali la pesa inatoka wapi. San Francisco Museum of Modern Art iliuza picha ya mchoraji Mmarekani Mark Rothko ya 1960 kwenye mnada wa Mei 2019 kwa dola milioni 50.1, ikanunua kazi 11, zikiwemo za wanawake kama Leonora Carrington, Alma Thomas, Lygia Clark na Kay Sage. Picha moja ikazaa kumi na moja. Ukumbuke kwamba jumba hilo lilikuwa na Rothko nyingine. Halikubaki na pengo. Baltimore nayo ilijaribu tena kuuza mwaka 2020, safari hii picha tatu zikiwemo za Andy Warhol na Clyfford Still, kwa matumaini ya dola milioni 65 za kuongeza usawa kwenye mkusanyiko na kwenye mishahara ya wafanyakazi. Kelele zikawa nyingi, wafadhili wakatishia kuondoka, na picha zikaondolewa saa chache kabla ya nyundo kugonga. Sina shaka na nia yao. Ila ukitaka kuuza, uza kile ambacho una ndugu zake wa kutosha, la sivyo mjadala utahama kutoka kwa wanawake uliotaka kuwaingiza na kuwa juu ya mwanamume unayemtoa.

Stockholm walichagua kuomba. Mwaka 2006 Lars Nittve, mkurugenzi wa Moderna Museet, aliiomba serikali hadharani kroni milioni 50 za kununulia kazi za wanawake wa karne ya 20 ambao jumba lake liliwapuuza walipokuwa bado wa bei nafuu. Serikali ilitoa sehemu ndogo tu, wafadhili binafsi wakajazia, na hatimaye zikapatikana kazi 26 za wasanii 14. Kilichonivutia kwa Nittve ni kukiri kosa kwanza. Hakusema anataka kuwasaidia wanawake. Alisema mkusanyiko wake una mashimo na mashimo hayo yana historia.

Kwa makumbusho ya sanaa za kale, mfano bora wa ununuzi ninaoujua ni wa National Gallery ya London. Ina kazi zaidi ya 2,300, na mwaka 2018 za wanawake zilikuwa kama ishirini hivi. Mwaka huo ililipa pauni milioni 3.6 kwa picha ambayo Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia wa karne ya 17, alijichora kama Mtakatifu Katerina, mkono ukiwa juu ya gurudumu la mateso lililovunjika. Moja tu. Lakini haikwenda ghalani. Mwaka 2019 ilisafirishwa ikaonyeshwa kwenye zahanati, shule, maktaba ya wanawake ya Glasgow na gereza la wanawake, na 2020 ikawa kiini cha maonyesho makubwa ya Artemisia. Kununua kunakolipa ni huku, pale ambapo kazi moja inatumikishwa kama kumi.

Ghala

Mimi ningeanzia hapa, kwa jumba lolote, tajiri au maskini. Makumbusho makubwa huonyesha sehemu ndogo tu ya walivyo navyo. Vilivyobaki viko kwenye rafu, mikunjo na makabati. Na ghalani wanawake wamefichwa kwa njia ambazo asilimia hazionyeshi, kwa kuwa wengine wameandikwa kwa majina ya wanaume.

Judith Leyster, niliyemtaja hapo juu, alikuwa mchoraji wa Haarlem aliyekubaliwa kwenye chama cha wachoraji cha mji huo mwaka 1633. Alisaini kwa herufi J na L zilizoshikana, na nyota ikichomoza pembeni, kwa sababu jina la ukoo wake lina maana ya nyota inayowaongoza mabaharia. Alifariki 1660, na polepole picha zake zikageuka kuwa za Frans Hals, mchoraji mwanamume maarufu wa mji huohuo. Mwaka 1893 mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot alithibitisha kwamba picha moja ya mwaka 1630, mwanamume akipiga fidla na mwanamke akiinua glasi, iliyokuwa imeuzwa kama kazi nzuri kabisa ya Hals, ina ile nyota. Wafanyabiashara waliouziana wakafikishana mahakamani kuhusu bei. Rangi ni zilezile, glasi ni ileile, cheko ni lilelile. Kilichobadilika ni jina, na thamani ikashuka nalo. Picha hiyo sasa iko Louvre, kwa jina lake.

Gharama ya ugunduzi wa aina hii ni mshahara wa mtafiti, kioo cha kukuzia na muda wa kusoma daftari za zamani. Ilinganishe na pauni milioni 3.6.

Kuna kazi nyingine ambazo jina halikupotea, ila mwili wake ulichakaa. Plautilla Nelli alikuwa mtawa wa Florence, aliyezaliwa 1524, aliyeongoza karakana ya uchoraji ndani ya nyumba yake ya watawa. Miaka ya 1560 alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa karibu mita 7, Yesu na mitume kumi na wawili kwa ukubwa wa watu halisi, mezani kukiwa na mikate, maharage na mwanakondoo wa kuokwa. Ni kama watawa walikumbuka kwamba karamu bila chakula ni kikao tu. Turubai hiyo ilipitia karne za kuhamishwa, hata kuvingirishwa na kuwekwa. Advancing Women Artists, shirika lililoanzishwa na Mmarekani Jane Fortune, lilichangisha pesa kwa kuwaomba watu kila mmoja amlee mtume mmoja, na baada ya kazi ya miaka minne picha ikatundikwa mwaka 2019 kwenye makumbusho ya Santa Maria Novella. Iko hapo mpaka leo.

Juu kushoto, karibu na jina lake, Nelli aliandika kwa Kilatini *orate pro pictora*, mwombeeni mchoraji. Kiswahili hakitupi namna ya kuonyesha alichokifanya hapo, maana kwetu mchoraji ni mchoraji, awe baba au mama. Kilatini kilikuwa na neno la mchoraji mwanamume. Yeye akalipatia neno hilo mwisho wa kike, akajitangaza. Shirika lililomrudisha lilifungwa 2021 baada ya kukarabati kazi zipatazo 70, na hizo zimeendelea kuonekana bila shirika. Kwa kipimo cha nini kinabaki, sijui njia iliyofanya vizuri zaidi kwa pesa ndogo.

Ghala lina tatizo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni la kabati la vyungu. Makumbusho mengi yenye vitu kutoka Afrika yana vyungu, vikapu, mikeka na nguo zilizotengenezwa na mikono ya wanawake, na kwenye kadi ya kumbukumbu utakuta jina la aliyekusanya, mwaka aliokusanya, namba ya usajili, kabila. Jina la mfinyanzi hakuna. Halikuulizwa. Kwa hesabu ya wasanii, mwanamke huyo hayumo hata kwenye ile asilimia 4, kwa sababu hakuorodheshwa kama msanii. Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20, na Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, ambaye vyungu vyake vimo kwenye makumbusho makubwa duniani, walivuka mstari huo wakiwa na majina yao. Udongo ni uleule. Kwa waliotangulia, majina mengi hayatapatikana tena. Lakini hata kuandika kwenye kibandiko "mfinyanzi mwanamke, jina halikuandikwa na mkusanyaji" ni ukweli zaidi ya ukimya.

Tahadhari moja: ghala hutaka subira. Oktoba 2020 Prado ilifungua maonyesho kuhusu jinsi wanawake walivyotendewa katika sanaa ya Hispania. Siku chache baadaye mtafiti mmoja aligundua kwamba picha mojawapo iliyotundikwa kama ya mwanamke ilikuwa ya mwanamume. Ikashushwa. Kukosea kunaruhusiwa, ila kosa hilo lingenaswa mapema kama utafiti ungetangulia tarehe ya ufunguzi.

Jumba lao wenyewe

Hapa nitapita haraka kwa sababu wasomaji wengi hawana uwezo wa kuichagua njia hii. Wilhelmina Holladay na mumewe waliona picha za Clara Peeters wakiwa Ulaya, wakarudi kumtafuta kwenye kitabu cha historia ya sanaa kilichokuwa kikisomeshwa vyuoni, wasimkute yeye wala mwanamke mwingine yeyote. Wakaanza kukusanya. National Museum of Women in the Arts ikafunguliwa Washington mwaka 1987, tena ndani ya jumba lililojengwa kwa ajili ya Freemasons, chama cha wanaume. Ufaransa imepata la kwake Mougins mwaka 2024, mali ya mkusanyaji binafsi Christian Levett.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kuwashusha ukutani kesho. Ubaya wake ni kwamba anayeingia humo tayari ameshawishika, na makumbusho ya jirani yanapata kisingizio. Wapo pia wasanii wasiotaka kuwekwa kundi hilo. Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, hakupenda kabisa kuitwa mchoraji mwanamke. Hata hivyo nafikiri kazi kubwa ya majumba haya ni ya kuazimisha na kuthibitisha. Msimamizi wa jumba jingine akisema hakuna kazi nzuri za wanawake wa karne ya 17, kuna mahali pa kumpeleka.

Nani achague nini

Jumba dogo lisilo na bajeti ya ununuzi: ghala, moja kwa moja. Mpe mtu mmoja miezi sita, kadi za kumbukumbu na ruhusa ya kubadilisha vibandiko. Usiajiri mbunifu wa mabango kabla yake.

Jumba la sanaa ya kisasa lenye wafadhili: nunua, lakini nunua wasanii ambao bei zao hazijapaa, na kabla ya kila ununuzi amua chumba. Ukuta una misumari mia chache tu. Hesabu ya mkusanyiko itachukua vizazi kusogea. Hesabu ya ukuta unaweza kuisogeza wiki hii.

Jumba kubwa la kale lenye ukumbi maarufu: fanya kama Amsterdam, kisha uendelee mbele kutoka pale Amsterdam walipoanzia. Maonyesho ya muda nayo yafanyike, hasa ya msanii mmoja mmoja, maana yanazaa utafiti, ukarabati na katalogi. Sipingi hayo. Napinga yanapoliwa kama mlo mzima.

Na wewe mfadhili, ambaye siku moja utaletewa fomu ya kuchangia maonyesho ya wanawake yenye nembo nzuri na tarehe mbili, ya kufungua na ya kufunga, uliza swali moja kabla ya kalamu kugusa karatasi: siku inayofuata ile tarehe ya pili, kazi hizi zinahamia chumba namba ngapi? Ukitajiwa namba, saini. Wakianza kutazamana, rudisha kalamu mfukoni na uombe kuonyeshwa ghala.